Maji ya mlimani hayana akiba

Nyuma ya nyumba yangu hapa Lushoto, kati ya migomba na tuta la sukuma wiki, nina bwawa la samaki la mita 3 kwa 2, kina sentimita 80. Ukijaza mpaka juu ni kama lita 4,800. Mimi ni fundi cherehani, na daftari ninaloandikia vipimo vya wateja ndilo ninaloandikia pH ya bwawa, yaani kipimo cha asidi ya maji (7 ni katikati, chini yake ni asidi): mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Mwanzo nilikuwa napima mara moja tu, mchana, nikipata nafasi. Hapo ndipo nilipoponyokwa.

Masika ya mwaka juzi perege wangu walianza kukaa juu ya maji alfajiri, midomo wazi, pumba nikiwatupia hawaigusi. Nikapima mchana: 8.6. Nikasema maji ni mazuri. Siku iliyofuata nikapima kabla jua halijatoka, karatasi ikageuka njano: 6 kasorobo. Mtu asidhani hiyo ni tofauti ndogo. Ngazi moja ya pH ni mara kumi, ngazi mbili ni mara mia. Samaki wangu walikuwa wanasukumwa huku na huku namna hiyo kila siku, na mimi nilikuwa nimelala.

Nikashauriwa nitie chokaa. Ushauri ule haukuwa wa uongo, ila chokaa si kitu kimoja. Mimi nilikuwa na ile ya kupaka ukuta, iliyobaki tulipopaka uani. Nikakoroga kikombe kimoja cha chai kwenye ndoo, nikamwaga. Jioni kipimo kilipita 10, na asubuhi niliokota perege 19 kati ya 60. Chokaa ya ukutani ni mawe yaliyochomwa kisha yakazimwa kwa maji. Ni kali, inaunguza hata vidole, na ikiingia bwawani inafanya kazi yote kwa mkupuo. Inayofaa samaki ni ile ya shambani, yaani jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa. Naliandika hili kwa sababu najua wapo wenye kopo la namna hiyo stoo.

Nilikuja kuelewa kiini cha jambo nikiwa Tanga mjini, jikoni kwa shemeji yangu, nikiosha birika. Ndani lilikuwa na ukoko mweupe mgumu. Akaniambia, “Dada, hayo ndiyo maji yetu ya kisima, hata sabuni haitoi povu upesi.” Langu la Lushoto lina miaka sita na ndani bado linang'aa. Pwani ile imekaa juu ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni ni maji yaliyolila jiwe hilo kwa karne na karne. Maji yetu ya Usambara yanapita kwenye mwamba mgumu usio na chokaa, yanashuka matamu na laini, kwa kunywa hayana mfano. Lakini ndani yake hamna akiba ya kuzuia asidi. Na mvua inayoongezeka juu yake ni ya asidi kidogo tangu angani, kwa hewa ya ukaa inayoinyonya, kwa hiyo masika hata ile akiba ndogo inazimuliwa.

Ndiyo maana pH ilikuwa inapanda na kushuka. Mchana ule ukijani wa majini unakula hewa ya ukaa, pH inapanda. Usiku mimea na samaki wote wanaitoa, inayeyuka na kuwa asidi hafifu, pH inashuka. Kila bwawa lina safari hiyo. Maji yenye akiba yanaipunguza, yasiyo nayo yanaiacha iende mpaka mwisho. Kwa hiyo sikuwa na haja ya kuipandisha pH. Haja yangu ilikuwa kuyapa maji kitu cha kushikilia.

Shemeji alinipa kiroba cha vipande vya matumbawe na maganda ya chaza. Nimevitia kwenye mfuko wa wavu, nikautundika pale mfereji unapoingilia. Uzuri wake ni kwamba maji yakiwa na asidi yanaviyeyusha zaidi, yakitulia karibu na 8 vinayeyuka kidogo sana. Havina haraka. Kwa wiki za mvua kubwa naongeza magadi soda, ile ya dukani ya kuokea (baking soda): kwa bwawa langu gramu 160 zinaongeza akiba kama miligramu 20 kwa lita, ikihesabiwa kama jiwe la chokaa, nazo haziipandishi pH kupita 8.3 hivi. Nazigawa kwa siku mbili. Magadi ya mawe ya kulainishia maharage usitie, yana ukali mwingine.

Sasa daftari linasoma 7.2 asubuhi, 8.1 alasiri. Sitaki zaidi ya hapo, kwa sababu kinyesi na pumba iliyobaki vinatoa amonia, na amonia huwa sumu kadiri pH inavyopanda. Kwenye maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia moja. Ikiwa 9 inapita theluthi. Ndiyo sababu kila Jumamosi tunabadilisha robo ya maji, ndoo 60 za lita 20, mimi na wanangu wawili. Ni kazi, mgongo unauma. Lakini sijaokota samaki aliyekufa tangu mwaka jana mwezi wa nne.

Mama mmoja wa mtaani amemaliza kujenga bwawa la saruji na alitaka kuweka vifaranga wiki hii. Nimemwomba asubiri. Lipu mpya inatoa chokaa kali wiki kadhaa. Jana tulipima maji yake ya kwanza, yalipita 10. Leo ameyamwaga na kujaza upya, atarudia mpaka kipimo kikae chini ya 8.5 siku tatu mfululizo bila kubadilisha maji. Nimemwachia nusu ya karatasi zangu.

Mawingu yameshuka tangu adhuhuri na mfereji umeanza kuwa mwekundu. Nimeuziba kwa usiku huu.