Ukunga wa Greyfriars

Aliyenishawishi ni binamu yangu. Mimi habari za kulipia matembezi ya usiku ya hadithi za mizuka, ili nitishwe, niliziona upuuzi mtupu. Lakini ilikuwa Novemba, na Edinburgh, kule Uskoti, giza linatanda kabla hata ya saa kumi na moja jioni, na kukaa ndani kulikuwa kumenichosha. Nikavaa koti nikamfuata.

Tulikusanyika uwanja wa Grassmarket, watu kama ishirini. Kiongozi wetu alikuwa kijana mrefu mwenye joho jeusi na kandili ambayo nadhani aliibeba kwa urembo tu, maana haikumulika hata viatu vyake. Nilijiandaa kupiga miayo. Kumbe jamaa ni fundi wa kusimulia. Alianza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuelekeza kituo cha basi: hapa mliposimama ndipo watu walikuwa wakinyongwa hadharani. Mwaka 1724 alinyongwa hapa Maggie Dickson, aliyeshtakiwa kwa kuficha ujauzito baada ya mtoto wake kukutwa amekufa. Jamaa zake wakamtia jenezani, wakaanza safari ya kumrudisha kwao Musselburgh akazikwe. Njiani wakasimama wapate kinywaji. Wakiwa wanakunywa, wakasikia kitu kinagonga ndani ya jeneza.

Hapo akanyamaza. Akakohoa kidogo. Akasema Maggie aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na kwamba baa yenye jina lake tumeipa mgongo. Sote tukageuka kwa mpigo mmoja, na walevi waliokuwa mlangoni wakatupungia mkono. Inaelekea wamezoea.

Kitu kimoja nilikipenda: mzuka wa kule una jina, mwaka na anwani. Nilikokulia mimi, kitu cha usiku ni kivuli tu kisicho na kitambulisho. Hawa wao wanakuonyesha nyumba.

Tukapanda mtaa wa Candlemaker Row hadi makaburi ya Greyfriars. Karibu na lango kuna jiwe la Bobby, yule mbwa anayesemekana kulinda kaburi la bwana wake miaka kumi na minne, na watu humwekea vijiti, eti acheze. Tukapita chumba cha maziko cha George Mackenzie, mwanasheria mkuu wa mfalme aliyewatesa Wakovenanti, Waprotestanti wa Uskoti waliokataa mfalme awaamulie mambo ya kanisa lao. Baada ya wao kushindwa katika vita vya Bothwell Bridge mwaka 1679, mamia ya wafungwa walifungiwa kwenye uwanja kando ya makaburi hayahaya, bila paa, kwa miezi. Aliyewashtaki akaja kuzikwa hatua chache tu kutoka hapo. Watoto wa zamani walikuwa wakikimbilia mlango wake, wanamwita atoke kama ana ubavu, kisha wanatimua mbio.

Halafu tukafika kwenye vizimba. Ni fremu nzito za chuma zilizolala juu ya makaburi, nondo kwa nondo. Kiongozi akauliza: "Mnadhani viliwekwa ili nani asitoke?" Watu wakacheka kwa wasiwasi. Jibu lake: hakuna aliyeogopa wafu kutoka, waliogopwa walio hai kuingia. Vyuo vya udaktari vilihitaji maiti, sheria iliruhusu chache mno, basi wezi wakawa wanafukua waliozikwa jana na kuwauza. Burke na Hare hawakujisumbua hata kuchimba. Waliua watu kumi na sita na kuwauzia maiti zao Daktari Robert Knox. Hare akatoa ushahidi, akaachiwa huru. Burke akanyongwa Januari 1829, naye akapasuliwa, na mifupa yake ingali makumbusho.

Niliinama nikagusa chuma. Kilikuwa baridi hadi kinauma, kimebanduka kutu vipande vipande vilivyonishika vidoleni. Nikawaza juu ya aliyekilipia: baba, pengine, aliyefanya hesabu ya siku ngapi zapita hadi mwili wa mwanawe usifae tena kuuzwa. Nilipoinua kichwa, kandili haipo. Binamu hayupo. Nimebaki mimi na mawe.

Nikajiambia nisikimbie. Nikatembea kwa mwendo wa mtu mwenye heshima zake, kama hatua kumi. Ndipo nikasikia harufu ya siki. Kabla sijajiuliza siki inatafuta nini makaburini, sauti ikasema nyuma ya sikio langu: "Umepotea?"

Nikapiga ukunga ambao sikujua ninao. Aliyeuliza naye akapiga wake, mkali kuliko wangu, na chipsi zikatawanyika juu ya kaburi la watu. Alikuwa mwanafunzi tu, anakatiza makaburini kwenda kwake, chakula chake mkononi. Tulisaidiana kuokota huku kila mmoja akimwomba mwenzake radhi.

Niliwakuta wenzangu nyuma ya kanisa, wamekaa kimya. Kiongozi aliniona nikija, akaniinamia kichwa kidogo, na kundi zima likapiga makofi. Binamu yangu alikuwa amejishika mbavu. Mama mmoja mwenye mwavuli akanisogelea, akaninong'oneza kama mtu anayeulizia kazi: "Ule wa pili ulikuwa mzuri zaidi. Kwa usiku wanawalipa kiasi gani?"