Nyumba ya tano kutoka kona

Niliondoka Kariakoo mwaka 1988, na sanduku la bati na barua ya kwenda chuo cha ualimu. Shangazi alinisindikiza kwa miguu mpaka stesheni, akanibebea kikapu cha chakula cha njiani, kwa kuwa safari ya treni hadi Mwanza haikuwa ya siku moja. Baadaye nilirudi mara nne au tano, za misiba na harusi, lakini kila mara ilikuwa kuingia na kutoka. Mwezi uliopita ndipo nilipokwenda kwa ajili ya mtaa wenyewe.

Nilipanda mwendokasi kutoka Kimara kwa kaka yangu, nikashuka Gerezani. Dakika kumi za kwanza sikujua nimesimama wapi. Enzi zetu ukitazama juu uliona anga, minazi miwili mitatu, na paa za mabati zenye kutu. Sasa ni ghorofa na ghorofa, na katikati nyaya za umeme zimefungamana. Chini, mikokoteni inapita na watu wake wanapiga kelele za kuomba njia, vitenge vimetandazwa mpaka barabarani, na kila mwenye kipaza sauti ananadi bei yake.

Kilichonipa dira ni paa la soko. Wanaolijua hawalisahau: miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, ili mvua ikinyesha maji yatiririkie katikati na kuhifadhiwa chini ya ardhi. Aliyelichora ni Mtanzania, Beda Amuli, na lilifunguliwa mwaka 1975. Sisi watoto tuliliogopa eneo la chini, Shimoni, kulikokuwa na magunia na harufu ya vitunguu na dagaa. Shangazi akikutuma nyanya ulikimbia kwenda na kurudi. Soko lilipoungua usiku ule wa Julai 2021, nilikaa mbele ya televisheni Mwanza mpaka mume wangu akaniambia nikalale. Sikuweza. Kwa hiyo nilipoliona paa likiwa bado limesimama, nilisimama pembeni nikalitazama kwa muda mrefu, watu wakinipiga vikumbo.

Kutoka hapo nilijua nielekee wapi. Nyumba ya shangazi ilikuwa Mtaa wa Sikukuu, ya tano kutoka kona. Nina uhakika wa hesabu hiyo kuliko namba yangu ya simu. Miaka ile ya themanini umeme ulikatika mara kwa mara, na sisi tulitumwa mafuta ya taa gizani. Tulirudi kwa kuhesabu baraza: unapanda, unashuka, unapanda, unashuka. Baraza ya tatu ilikuwa na ufa, ya nne ilikuwa ya mzee aliyekaa nje na redio yake mpaka taarifa ya habari ya saa mbili iishe. Mzee huyo ndiye aliyetueleza jina la mtaa wetu lilikotoka. Katika Vita Kuu ya Kwanza, alisema, Waingereza waliweka hapa kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, na midomo yetu ikaligeuza kuwa Kariakoo. Wengi wa wapagazi wale walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Askari wana sanamu yao Posta tangu 1927. Waliobeba mizigo wana mtaa mzima, na mimi naona wamestahili.

Basi nikaanza kuhesabu. Sikutegemea ingefaa kitu, maana hakuna baraza hata moja iliyobaki upande ule. Lakini viwanja ni vilevile! Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita imeng'olewa na ghorofa ikapandwa juu ya kiwanja kilekile, upana uleule. Ukuta unapokwisha na mwingine kuanza, hapo ndipo ilipokuwa baraza ya jirani. Moja, mbili, tatu, nne.

Ya tano ina ghorofa nane. Chini ni fremu za mikoba na viatu vya kike. Watoto wa shangazi waliuza baada ya yeye kufariki, na siwalaumu. Nyumba ilikuwa na warithi saba, paa linavuja, na anayetaka kununua amekuja na fedha mkononi. Kinachoniuma ni baraza tu. Pale ndipo shangazi alipojua nani anaumwa, nani amefiwa, mtoto wa nani hajarudi shule. Siku hizi mpita njia akisimama kidogo anaulizwa anataka saizi gani.

Kijana mmoja aliniuliza hivyohivyo, kisha akanitazama vizuri. "Shikamoo mama. Umepotea?" Nikamwambia nililala katika nyumba hii miaka sita. Hakucheka. Aliondoa maboksi kwenye stuli, akanikaribisha nikae, akamwita muuza kahawa aliyekuwa akipita anagonganisha vikombe. Tulikunywa, yeye akiniuliza habari za vyumba: cha shangazi kilikuwa wapi, wapangaji walikuwa wangapi.

Kutoka kwenye stuli niliona kwamba katikati ya fremu kuna ujia mrefu unaoelekea nyuma, gizagiza, kama ukumbi wa nyumba yetu ulivyokuwa. Nikaomba ruhusa nikaufuata mpaka mwisho. Nyuma, tulikokuwa tunapika na kuanika nguo, kulikokuwa na mpapai uliozaa mpaka tukawa tunawagawia wapangaji, sasa kuna ngazi za kupandia juu.

Nikampigia binamu yangu Tanga.

"Niko uani kwenu," nikamwambia.

Alikaa kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, sauti yake ikiwa ya zamani kabisa: "Mpapai upo?"