Tulivyowapokea vijana wa dabke kutoka kambi ya Aida

Glasgow na Bethlehem ni miji dada tangu 2007, lakini udada huo hauleti nauli wala visa. Kikundi cha vijana wa kambi ya wakimbizi wa Kipalestina ya Aida, iliyoko Bethlehem, kinachoigiza na kucheza dabke, ngoma ya Kipalestina ya kushikana mikono kwa mstari na kupiga vishindo, kilipotaka kuongeza Uskoti kwenye ziara yao, kazi ilituangukia watu wachache wa kujitolea. Mimi, mzaliwa wa Mombasa niliyeletwa huku na ndoa, nilipewa makaratasi na chakula. La tatu nilijitwika mwenyewe, nitalifikia.

Tuanze na makaratasi, maana hapo ndipo ziara nyingi hufia. Barua ya mwaliko peke yake haitoshi. Kwa kila kijana wa chini ya miaka 18 tulitafuta ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na tafsiri yake ya Kiingereza. Tukaandika atalala kwa nani, nani analipia nini, na kwamba hakuna msanii atakayelipwa hata senti. Tukaambatanisha na barua za shule zenye tarehe ya kufungua muhula, kwa sababu swali kubwa la mtoa visa ni moja tu: huyu atarudi kwao? Pamoja na hayo yote, wawili walinyimwa. Kwenye dabke pengo linazibika, mstari unasogea tu na mikono inashikana. Kwenye mchezo wa kuigiza halizibiki kirahisi hivyo, na wenzao walikesha wakigawana maneno yao.

Kisha kuna njia yenyewe. Uwanja wa ndege wa Ben Gurion hauko mbali na Bethlehem, ila Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi hautumii bila kibali maalumu. Kwa hiyo wao hupita daraja la Allenby, wenyewe wanaliita Karama, wakaingia Jordan na kupandia ndege Amman. Daraja hilo hufungwa mapema, mwisho wa wiki ndiyo kabisa, na foleni yake haina mwenyewe. Ukiwakatia tiketi ya ndege ya usiku uleule umecheza kamari. Sisi tuliwapangia walale Amman kwanza.

Chakula kilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Niliwapikia pilau ya nyama na kachumbari, wakaikubali, ila macho yalikuwa yanazunguka meza kutafuta kitu. Mtindi! Wali bila mtindi kwao haujakamilika. Mume wangu alitumwa dukani mbio, na tangu siku hiyo hata wanangu wananidai mtindi kwenye pilau, jambo ambalo mama yangu hajalisamehe.

Sasa lile la tatu. Nilishawahi kuhudhuria onyesho la kikundi kingine cha vijana wa Kipalestina, na baada ya ngoma wakapangwa kwenye viti kujibu maswali. Unaogopa? Umewahi kuona mtu akipigwa risasi? Msichana mdogo anajibu, ukumbi unafuta machozi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya ile ngoma. Watu waliuliza kwa huruma, nakubali. Lakini mtoto hafanyi mazoezi mwaka mzima ili aje kuhurumiwa. Nikampigia mwalimu wao simu kabla hawajasafiri, nikamwambia mimi napendekeza tufute maswali: mchezo useme unayotaka kusema, halafu viti visogezwe ukutani na vijana wawafundishe wageni dabke. Akacheka, akasema hilo wangelipenda sana.

Na mchezo ulisema. Aida ilianzishwa 1950, ina eneo la kilomita za mraba 0.071, karibu sawa na viwanja kumi vya mpira, na wakimbizi wake wa mwanzo walitoka vijiji 17 vya magharibi ya Jerusalem na Hebron. Kila kijana aliingia jukwaani akitaja jina lake na kijiji cha ukoo wake: Beit Nattif, Ajjur, Ras Abu Ammar, Walaja. Wengi wao hata wazazi wao hawakuzaliwa huko.

Kisha viti vikasogezwa. Ukumbi ulikuwa wa kanisa, sakafu ya mbao yenye uwazi chini, na kishindo cha kwanza kilimtoa mlinzi ofisini mwake. Vijana waliifurahia sakafu ile, maana wamezoea zege, na zege huumiza magoti. Niliyefundishwa naye alikuwa msichana wa miaka kama kumi na mitano. Alipenyeza vidole vyake kati ya vyangu, akanivuta bega kwa bega, na kila nilipoangalia miguu aliniinua kidevu kwa mkono wa pili. Mguu wa kushoto unavuka mbele ya wa kulia, unavuka tena, unarusha teke dogo, halafu kishindo; na kabla ya kishindo alikuwa ananiminya kiganja ili nijue saa imefika. Kijana aliyeongoza mwanzo wa mstari alizungusha tasbihi hewani akiruka na kuchuchumaa, na watu wazima na mvi zao wakamfuata.

Maswali yalikuja vilevile, ila yalikuwa mengine. Mama mmoja wa Kiskoti alimuuliza msichana wangu kwao wanacheza wapi. Harusini, akajibu, uchochoroni, kwa sababu nyumba hazina uwanja, na mstari ukirefuka unapinda kona, walio nyuma hawamwoni tena kiongozi, wanafuata ngoma tu. Mama yule akataka kujua kwa nini hakuna uwanja, na wakaendelea kuzungumza huku wakicheza.

Mwaka 2023 UNESCO iliiandikisha dabke ya Palestina kwenye orodha ya urithi wa ubinadamu. Nilifurahi, ingawa orodha haimvushi mtu daraja. Kwa upande wetu, sehemu ya fedha za mlangoni tuliitenga kwa ada za visa za wale wawili waombe upya, kwa sababu ukinyimwa, ada hairudi.