Kwenye mizani alipimwa mtoto tu

Mwanangu wa pili alipotimiza wiki sita nilimpeleka kliniki kuchanjwa. Akavuliwa nguo, akaning'inizwa kwenye mizani, uzito ukajazwa kwenye kadi. Nesi akafurahi: "Hongera mama, maziwa yanamkaa." Nikasema asante, nikambeba, nikatoka hadi kwenye mwarobaini nje ya geti, nikalia mpaka kanga ikalowa. Wiki ya kumi tukarudi. Mizani, sindano, kadi, haya mama, nenda salama.

Kwa macho ya watu sikukosa kitu. Mama alikuja Tanga kutoka Pangani, akanilea siku arobaini zote. Nilikandwa kwa maji ya moto, nikanyweshwa uji wa pilipili manga, na ufagio sikuugusa. Siku za mwanzo nililia, na hilo wazazi wengi hulipata siku ya tatu au ya nne, maziwa yanapojaa. Ndani ya wiki mbili huwa limekwisha. Langu halikwisha. Mama alipopanda gari kurudi kwao ndipo likakomaa. Mtoto akilala, mimi nimekodolea dari. Akiamka, mwili hauinuki. Nilimnyonyesha kama niliyeachiwa mtoto wa jirani, na moyoni nikawa nasema huyu maskini angezaliwa na mwingine angepata raha. Shangazi akasema nimechezewa, nikaandikiwa kombe nikanywa. Dua siidharau, naomba mpaka leo. Lakini nilikuwa naumwa ugonjwa wenye jina, sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, na jina lile hakuna aliyelitaja.

Alilitaja nesi wa zamu wiki ya kumi na nne, mama wa makamo. Alipomaliza kumchanja mtoto hakunipa kadi. Akaishikilia. "Mdogo wangu, wewe je?"

Nikasema mimi mzima. Akafunga mlango, akatoa karatasi iliyochakaa kwa kukunjwa, akaniambia nijibu nilivyokuwa siku saba zilizopita, siyo nilivyo leo tu. Je, nimeweza kucheka? Kuna kitu ninachokisubiri kwa hamu? Najilaumu kwa yasiyo kosa langu? Naogopa bila sababu? Nakosa usingizi kwa huzuni? Maswali yalikuwa kumi. La kumi lilihusu mawazo ya kujidhuru. Hapo alishusha sauti, akaniwekea mkono gotini. Nikamwambia ukweli: mara chache, ndiyo, usiku. Hakushtuka wala hakunihutubia. Aliniuliza tu kama nimewahi kupanga namna, na nani yuko nyumbani usiku.

Baadaye nilijua kuwa ile ni hojaji ya Edinburgh. Ilichapishwa mwaka 1987 na Cox, Holden na Sagovsky, huko Uskoti, makusudi kwa wanawake waliojifungua. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 30. Wengi huchukua 13 kuwa alama ya kutosha kumpeleka mama kwa mtaalamu, wengine huanza na 10, na jibu lolote zaidi ya "kamwe" kwenye swali la kumi hufuatiliwa hapo hapo hata jumla ikiwa ndogo. Mimi nilipata 19. Karatasi haitoi hukumu kwamba unaumwa. Inamwambia mhudumu asikuachie uende. Ilichukua dakika tano hivi. Dakika tano hizo zingepatikana wiki ya sita, hata nilipokuwa mjamzito, kwa maana sonona ya wengi huanzia mimbani. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Hesabu benchi la kliniki siku ya chanjo, uone ni wangapi.

Nilitumwa hospitali kwa mshauri. Nilidhani nitapewa nasaha, vumilia, mshukuru Mungu. Kumbe tiba ya mazungumzo ni kazi. Tulikutana mara nane, kila Jumanne. Kwanza aliniandikisha kwenye daftari siku yangu saa kwa saa, tukaona kuwa tangu asubuhi mpaka magharibi sikutoka chumbani. Akanipa jambo moja dogo: kila alasiri nimbebe mtoto nitembee kutoka Ngamiani mpaka kwa dada yangu, nipende nisipende. Halafu tukashika lile wazo la "angezaliwa na mwingine". Nikaliandika, na pembeni nikaandika mtoto hufanya nini anaponisikia sauti. Hugeuza kichwa. Hunitafuta. Nilikaa nalo wiki nzima hilo. Mara ya tano mume wangu aliitwa, naye akalia, maana alidhani nimemchukia. Tangu siku hiyo usiku mmoja anaamka yeye, mmoja mimi. Mshauri alinieleza pia kuwa ziko dawa za sonona ambazo daktari humwandikia anayenyonyesha. Mimi sikuzihitaji, wapo wanaozihitaji, na hakuna aibu. Na mzazi akianza kusikia sauti, au haelewi yuko wapi, huyo hasubiri hojaji wala Jumanne. Anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo.

Nilipomsimulia mama kwa simu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nilipokuzaa wewe sikukupakata mpaka ulipoanza kukaa. Bibi yako ndiye aliyekulea. Walisema jini la bahari." Ana miaka sitini na mbili, na ndiyo kwanza anatamka.

Wifi yangu anatimiza wiki sita Alhamisi ijayo. Nimeyanakili yale maswali kumi kwenye daftari la mwanangu wa kwanza, kwa Kiswahili chetu, na nimemwomba nimsindikize. Mtoto akishushwa kwenye mizani, nitamwomba nesi dakika tano.