Kumbe ni wewe

Tangu Jumanne silali vizuri. Arobaini ya babu yao imepita salama, wageni wa Handeni wameondoka, kazini nimehamishiwa wodi ya watoto, lakini mawazo yangu yamebaki kwenye chumba cha yule daktari wa ngozi, na maneno matatu niliyomtamkia mwanangu Kitinda.

Mnajua tulivyohangaika tangu Agosti. Damu kwenye kola ya sare, damu kwenye foronya, na mtoto anaapa hakuanguka wala hakupigwa. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikapimwa mara mbili, muda wa damu kuganda mara mbili, yote sawa. Nikajishawishi kuwa ni jasho la damu, ugonjwa ambao wauguzi wenzangu wote hawajawahi kuuona.

Daktari alichukua pamba na maji ya chumvi, akafuta taratibu. "Sista, jasho la damu ukilifuta, ngozi chini yake unaikuta nzima. Tazama hapa." Chini ya lenzi palikuwa na kidonda, kigaga kimebanduliwa. Akamgeuza. Mabega yamejaa makovu, ila katikati ya mgongo, pale mkono usipofika, ngozi safi kabisa. Mkono wa kushoto umeumia kuliko wa kulia, na Kitinda huandikia wa kulia. Akaufunga bandeji ule wa kushoto, turudi baada ya wiki. Jumanne alipoifungua, vidonda vyote vilikuwa vimekauka.

"Kumbe ni wewe!"

"Sijui, mama. Mkono unaenda wenyewe."

Hakulia. Alishusha mkono wa shati mpaka ukafunika vidole, akatazama mlango. Mimi muuguzi, miaka kumi na tisa kazini, sijawahi kumwambia mgonjwa neno kama hilo. Nimemwambia mwanangu.

Daktari alinitazama, kisha akaeleza polepole, nadhani kwa ajili yangu. Si uongo, si utundu. Ni maradhi ya kujidonoa ngozi, mara nyingi huanza umri huu wa kubalehe, na wataalamu wa akili wa Marekani waliyaorodhesha kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013. Ndio mwaka aliozaliwa Kitinda. Tiba yake ni kumfundisha kuitambua saa ambayo mkono unaanza safari, na kuupa kazi nyingine. (Shangazi yake aliposikia "kujichubua" akadhani ni mkorogo, akapekua begi lote la mtoto. Sasa nyumbani tunasema kudonoa.)

Jana usiku umeme ulikatika. Alikuwa anajisomea kwa tochi ya simu yangu, mara nikaona vidole vinapanda shingoni. Nikanyamaza. Vikasimama njiani. Akakunja ngumi, akahesabu kimyakimya, akaninyooshea ile ngumi niione. Niliishika kwa mikono yangu miwili, nikamwomba radhi kwa yale ya Jumanne.

"Yameisha, mama," akasema. Upesi mno. Akarudi kwenye daftari, na hesabu zake zote alizipata.

Simtanki inavuja tena chini ya koki. Fundi hapokei simu, na maji ya bomba yanatoka Alhamisi tu.