Nilivyoipatia gemu yangu jina lisilogusa la mtu mwingine

Kabla ya kuandika jina hata moja, nilisoma migogoro ya waliotangulia. Mwaka 2011 ZeniMax, kampuni mama ya Bethesda wenye gemu za The Elder Scrolls, iliishtaki Mojang, watengenezaji wa Minecraft, kwa sababu ya gemu ya kadi iliyoitwa Scrolls. Walipatana mwaka uliofuata. Hello Games nao walivutana na kampuni ya televisheni ya Sky juu ya neno moja tu, Sky, lililomo katika jina la gemu yao No Man's Sky, mpaka walipoelewana mwaka 2016. Hili la pili lilinifungua macho zaidi, maana mlalamikaji hata si mtengenezaji wa gemu.

Kumbe majina hayalazimiki kulingana herufi kwa herufi. Kinachopimwa ni kama mnunuzi anaweza kudhani bidhaa mbili zimetoka kwa mwenye mmoja, kwa kuziona, kuzisikia au kwa maana yake.

Gemu yangu ni ya kuongoza mashua usiku kwa kufuata nyota. Majina yaliyokuja haraka yote yalikuwa ya bahari, nyota na giza, nami nikayaweka kando. Jina linaloeleza tu bidhaa ilivyo ni gumu kusajiliwa, na likisajiliwa ulinzi wake huwa dhaifu. Nikaamua kuunda neno jipya kabisa, ingawa najua neno la kubuni huchukua muda kuzoeleka masikioni mwa wachezaji. Kwangu huo ni mzigo unaobebeka.

Kila jina nililolibuni nililitafuta kwanza kwenye maduka ya gemu na programu ya mtandaoni: Steam, itch.io, App Store na Google Play. Mengi yaliishia hapo. Hatua hiyo si ya kurukwa, kwa sababu katika nchi kama Marekani mtu anaweza kuwa na haki kwa kulitumia jina tu sokoni, bila kulisajili popote. Yaliyobaki niliyatafuta kwenye hifadhidata ya alama za biashara ya WIPO, yaani Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, na ile ya TMview inayokusanya alama za ofisi za nchi nyingi, zote bure. Nilibadilisha tahajia kwa makusudi: c mahali pa k, ph mahali pa f, herufi moja mahali pa mbili. Alama husajiliwa kwa makundi ya bidhaa na huduma yenye namba, nami niliangalia hasa kundi la 9 lenye programu, la 41 lenye burudani na michezo ya mtandaoni, na la 28 lenye vifaa vya kuchezea.

Jina nililolipenda kuliko yote lilianguka hapo. Tahajia yake ilikuwa tofauti na la mwenzangu aliyesajili kundi la 41, lakini ukiyatamka huwezi kuyatenganisha. Niliumia, nikaliacha. Mtu ametoka jasho kulijenga jina lake. Sina haki ya kusimama kivulini mwake.

Wakili nilimlipa kwa jina moja tu la mwisho, baada ya kuchuja mengine mwenyewe. Aliniongezea jambo la thamani: ukishawasilisha ombi la kusajili jina katika nchi moja iliyo kwenye Mkataba wa Paris, mkataba wa kimataifa wa kulinda mali za viwandani kama alama za biashara, una miezi 6 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama huku ukihesabiwa tarehe ile ile ya kwanza. Kwa hiyo niliwasilisha ombi kabla ya kutoa trela. Sasa natumia miezi hiyo kuchagua nchi za kuongeza, nikianza na zile ambako wachezaji wengi wameshaiweka gemu kwenye orodha ya kununua.