Bibi na pencheni yake

Leo nimempeleka bibi kuchukua Pencheni Jamii.
Kwa mlio mbali: tangu 2016, hapa Zanzibar mzee aliyefika miaka 70 hulipwa na serikali, awe tajiri au maskini.

Alijifunga kanga mpya. Jina lake lilipoitwa akaitika kwa sauti, akazihesabu noti moja moja mbele ya karani, bila haraka yoyote.

Ramadhani, kwenye foleni ya zaka, bibi huyu huyu hujifunika uso kwa mtandio.

Zaka ni nguzo ya dini yetu na imetulisha sana, Mungu awalipe watoaji. Lakini mzee asingojee huruma ya tajiri ndipo ale. Serikali itangulie, misikiti na makanisa yaongezee.

Nyie mnaonaje? Kwenu wazee wanasaidiwa na nani?